Nyimbo za Eastlands na Swali la Urithi: Uhakiki wa Maneno katika Muziki wa Nairobi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili swali ambalo wahakiki wa Kiswahili katika Kenya wamelipita kando kwa muda mrefu: je, maneno ya nyimbo zilizotungwa na kupendwa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, yahesabiwe kuwa fasihi au la? Swali hili halihusu taaluma peke yake. Mitaa mikongwe iliyojengwa na halmashauri ya mji wakati wa ukoloni imeanza kubomolewa ili kupisha majumba ya ghorofa. Watunzi wakubwa wa kizazi cha kwanza wamekwisha kutangulia: Fundi Konde mwaka 2000, Fadhili William na Daudi Kabaka wote wawili mwaka 2001. Na mji wenyewe umezoea kuuadhimisha muziki kwa matamasha ambayo hayana haja kubwa na maneno. Ikiwa sisi tunaosomesha lugha hatutasema ni kitu gani hasa kinachostahili kuhifadhiwa, watasema wengine, na yamkini watachagua lahani na kuyaacha maneno.

Msimamo wa mwandishi ni kwamba nyimbo hizo ni fasihi, na zaidi ya hayo, ni mapokeo: zinajibizana, zinarithishana dhamira, na zinaweza kusomwa kwa mfululizo kama tusomavyo mapokeo ya mashairi ya Mvita au ya Lamu. Ili kulithibitisha hilo tutazichambua nyimbo tatu za nyakati tatu, nazo ni “Malaika”, “Lunch Time” na “Tafsiri Hii”. Nyimbo hizi zinajulikana na wasomaji, kwa hiyo tutaeleza muundo na maana yake bila kuzinukuu.

Mazingira ya utunzi

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa kazi, mtu wa kuja, kutumika na kurudi kwao; na makazi yake yakawekwa upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda. Pumwani, ambayo wengi huiita Majengo, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo iliwapokea watu waliohamishwa kutoka Pangani ya zamani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, kisha ikafuata mitaa mingine kama Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Dandora ilikuja baadaye sana, katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja vipatavyo 6,000 ambapo mwenye kiwanja alipewa choo na bafu, akaachiwa kujijengea vyumba vilivyosalia. Jaa kuu la taka la mji liliwekwa papo hapo.

Mambo mawili katika historia hii yana uzito kwa mhakiki wa fasihi. La kwanza ni ukumbi. Wakoloni walijenga kumbi za starehe ili kuwatuliza wafanyakazi, lakini kumbi za Pumwani na Kaloleni zilitumika kwa dansi na kwa mikutano ya siasa vilevile. Hadhira iliyomsikiliza mpiga gitaa ilikuwa ile ile iliyomsikiliza mwanasiasa, na ilizoea kulipima neno. La pili ni lugha. Katika safu moja ya nyumba walikaa Mluo, Mluhya, Mkamba, Mkikuyu, Mtaita na mtu wa pwani. Mtunzi aliyetaka kusikilizwa na safu nzima hakuwa na lugha ya kumfaa kuliko Kiswahili. Kwa njia hiyo Kiswahili kilipata watunzi ambao hawakuzaliwa ndani yake. Daudi Kabaka alizaliwa Uganda. Peter Tsotsi na Nashil Pichen walitoka Zambia. Na Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyekaa Nairobi kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1950, alitumiwa hata kutangaza dawa ya Aspro. Wengi wao walikutana katika studio ya Equator Sound iliyoendeshwa na Charles Worrod katika miaka ya 1960, na hapo ndipo twisti ya Kenya ilipopata umbo lake.

Inafaa kukumbuka kwamba katika silabasi zetu sehemu ya fasihi simulizi huwafundisha wanafunzi wawe za wakulima, kimai za mabaharia, hodiya za wafanya kazi, nyiso, mbolezi na bembelezi. Haya ni mema. Lakini mwanafunzi wa Umoja au Kariobangi anaposoma orodha hiyo anafundishwa pia, bila ya kuambiwa waziwazi, kwamba fasihi simulizi ni mali ya shamba na bahari, na kwamba mji hauna simulizi. Hodiya inafafanuliwa kuwa wimbo wa watu wafanyao kazi; basi mtu wa haki atauliza, iko wapi hodiya ya kiwandani na ya karakana ya reli?

Mahari, mlo na kazi

Tuanze na “Malaika”, iliyorekodiwa na Fadhili William na bendi ya Jambo Boys mnamo 1960. Wimbo huu umezunguka dunia: Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika sahani yao ya mwaka 1965, na Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Kwa sababu hiyo umezoeleka kupita kiasi, na aghalabu huchukuliwa kuwa wimbo mtamu wa mapenzi tu. Lakini tuutazame kwa jicho la mtu aliyesoma ushairi wa mapenzi wa pwani. Katika mapokeo hayo mpenzi hupewa jina la kificho, mara nyingi la ndege au la kito. Na anayependa huzuiliwa na uzuri wenyewe wa mpenziwe, au na hasidi, au na jamaa. Fundi Konde, ambaye naye alikuwa mtu wa pwani, aliishika kanuni hiyo alipomwimba mpenzi kama tausi. “Malaika” nayo yaanza ndani ya kanuni hiyo: kuna kiumbe wa mbinguni, na mbele kidogo kuna ndege. Kinachoingia kati ni kitu kigeni kwa mapokeo hayo, nacho ni fedha. Msemaji hakukataliwa, hana mali ya kuolea. Pesa inatajwa kwa jina lake la sokoni, bila ya fumbo, katikati ya lugha ya mafumbo. Huyu ni mtu wa mshahara, na mshahara haumtoshi kuwa mume.

Muundo unalitilia nguvu jambo hili. Mshororo wa kwanza unasemwa, unarudiwa, halafu inakuja sababu inayouvunja moyo uliojengwa na marudio yale. Wanaoujua ushairi wa bluzi wa Wamarekani Weusi wataitambua sura hii: kauli, kauli ile ile tena, kisha mshororo wa tatu unaoleta jibu au pigo. Hatudai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Tunachosema ni kwamba watu wanaoishi katika hali zinazofanana, wakiwa na ala zinazofanana, waliyatumia marudio kwa kazi moja, yaani kuahirisha habari mbaya kwa pumzi moja zaidi.

“Lunch Time” ya Gabriel Omolo ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Uhuru ulikuwa umekwisha kutimiza miaka kadhaa. Maudhui yake ni saa ya chakula cha mchana katikati ya mji. Kuna wenye pesa za hoteli. Na kuna wale wanaokwenda kujilaza bustanini hadi saa ya kazi ifike. Kwa mizani ya hodiya huu ni wimbo wa kazi uliopinduliwa, kwani kazi yenyewe haionekani. Linaloonekana ni pengo lake la saa moja, na humo ndani ya pengo ndimo tabaka zinapojulikana. Ofisini wote huvaa tai. Saa saba kengele inapolia, mmoja anakula na mwingine anasinzia kwa njaa. Omolo hakumlaumu mtu wala hakutoa wito. Kejeli yake ni ya mtu aliye miongoni mwa wanaochekwa, na ndiyo maana waliochekwa ndio waliouununua wimbo. Jina la Kiingereza si kasoro, maana saa ile ilikuwa mali ya mwajiri na iliitwa kwa lugha ya mwajiri.

Baada ya robo karne hivi, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaja Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, na “Tafsiri Hii”. Hapa hakuna mahari inayongojwa wala mlo wa mchana unaokosekana. Kazi yenyewe imetoweka, na mahali pake pamekaliwa na uhalifu, polisi na vifo vya marafiki. Jina la wimbo ni kitenzi cha kuamuru. Msikilizaji anaamriwa atafsiri. Na inafaa kuuliza, atafsiri kutoka lugha gani hadi lugha gani? Sehemu kubwa ya maneno ni Kiswahili ambacho Mkenya yeyote aliyepita shule anakijua. Kinachohitaji kutafsiriwa ni maisha yaliyo nyuma ya maneno hayo, na anayeamriwa ni mtu wa mtaa mwingine wa mji ule ule, ambaye lugha anaielewa ila habari haielewi. Katika kiitikio, neno sanifu linafanyiwa kina na neno la Sheng lenye maana kwamba mambo si mazuri, na kwa kina hicho lugha mbili zinalazimishwa kukaa pamoja kama wakaavyo wapangaji wa ploti moja.

Tukiziweka nyimbo hizi bega kwa bega tunaona mfululizo wa dhamira. Katika ya kwanza mshahara hautoshi kuoa. Katika ya pili hautoshi kula. Katika ya tatu haupo. Hakuna riwaya ya Kiswahili niijuayo iliyoifuata hali ya mfanyakazi wa Nairobi kwa muda mrefu kiasi hicho.

Suala la fani

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba dhamira peke yake haifanyi ushairi. Hilo ni kweli, na lastahili jibu. Katika miaka ya 1970 wanafasihi wa Kiswahili waligombana juu ya arudhi. Upande mmoja walisimama waliozishika kanuni alizozieleza Amri Abedi mwaka 1954, kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi. Upande wa pili walisimama wanamapinduzi kama Euphrase Kezilahabi, aliyeitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974. Mgogoro ule uliendeshwa kana kwamba vyumba ni viwili tu, cha jadi na cha mashairi huru. Watunzi wa Eastlands hawakualikwa katika chumba chochote kati ya hivyo viwili.

Ajabu ni kwamba, tukipima kwa kipimo cha wanajadi wenyewe, mafoka wa Dandora wako karibu nao kuliko wanamapinduzi. Kufoka hakuwezekani bila ya vina. Vina vya mwisho huwa vya lazima, na stadi huongeza vya kati, hata pengine kila pumzi ina kina chake. Mizani inasimamiwa na mdundo: silabi zikizidi, mfokaji anaanguka mbele ya hadhira, na hadhira haina huruma. Hata desturi ya kujibizana, ambayo tunaifundisha kwa fahari tunapomsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa ya karne ya 19, ndiyo iliyowakuza vijana hawa. Walijifunza hip hop kwa Wamarekani, hilo halina ubishi. Lakini walipoitia Kiswahili, lugha yenye silabi wazi na irabu mwishoni mwa takriban kila neno, walikuta vina viko tayari.

Kuhusu Sheng, hoja ya kwamba inaharibu lugha inahitaji kuelekezwa mahali pake. Darasani ni wajibu wetu kufundisha Kiswahili sanifu. Lakini mhakiki hamwulizi mtunzi kama ametumia lahaja gani; anamwuliza kama lahaja hiyo imefanya kazi. Hatujawahi kumtoa Muyaka katika fasihi kwa sababu alitunga kwa Kimvita. Katika “Tafsiri Hii” Sheng imetumiwa kwa kiasi na kwa makusudi, na ikiondolewa, amri ya kutafsiri inapoteza nusu ya maana yake.

Pingamizi mbili

Tusije tukazisifu nyimbo hizi kwa jumla kama wafanyavyo mashabiki. Nyingi kati ya zile za twisti ni vijineno vya kuchezea dansi, na zikiandikwa kwenye karatasi bila gitaa hazisimami. Mhakiki anapaswa kuchagua, na kuchagua maana yake ni kukataa. Urithi usiochujwa huwa ghala tu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Katika nyimbo hizi mwanamke wa mjini huonwa kwa jicho la mwanamume. Fundi Konde ana wimbo ambao msemaji anaapa kutokwenda Majengo tena. Mombasa kuna Majengo na Nairobi kuna Majengo, na msikilizaji wa Pumwani hana sababu ya kuamini kwamba hasemwi yeye. Ilhali mwanahistoria Luise White alionyesha mwaka 1990, katika uchunguzi wake juu ya wanawake wa Nairobi ya kikoloni, kwamba wanawake wa Pangani na Pumwani, hata wale waliojipatia riziki kwa njia ambazo mji uliwadharau kwazo, walikuwa miongoni mwa wenye nyumba, na wapangaji wao walikuwa wanaume. Katika nyimbo za twisti mwenye nyumba huyu hana sauti. Anayeudai urithi wa Eastlands hana budi kulisema hilo pamoja na sifa, maana tukilinyamazia tutakuwa tunarithisha nusu ya mtaa.

Tamasha na maneno

Tuje sasa katika maadhimisho. Tangu mwaka 1984 mji wa Chicago umekuwa na tamasha la bluzi la kila mwaka, lililoanza mwaka mmoja baada ya kifo cha Muddy Waters. Mfano unaotufaa zaidi ni wa mji mdogo. Helena, katika jimbo la Arkansas, ulianzisha tamasha lake mwaka 1986 na ukaliita kwa jina la kipindi cha redio, King Biscuit, ambacho tangu mwaka 1941 kilirushwa kutoka mji huo huo kikiwa na Sonny Boy Williamson, ili kutangaza unga wa ngano. Wafanyakazi wa mashamba ya pamba walikisikiliza wakati wa mapumziko ya mchana. Helena ni mji maskini. Lakini ulijua ni kitu gani ulichokuwa nacho, na tamasha likajengwa juu ya kitu hicho. Kabla ya tamasha, vilevile, kulikuwa na kazi ya kuandika: Langston Hughes aliitia bluzi katika diwani yake ya mwaka 1926, na LeRoi Jones akaitungia kitabu kizima mwaka 1963. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliikuta bluzi ikifundishwa katika somo la ushairi, na hakuna aliyeona kwamba somo limeshushwa hadhi.

Nairobi nayo ilipata tamasha kubwa la jazi mwaka 2014, likiitwa kwa jina la kampuni ya simu ya Safaricom. Wageni mashuhuri na wenyeji walipanda jukwaani, na mapato yakaelekezwa kwa Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge ili kuwafunza watoto wa Korogocho, katika Eastlands hiyo hiyo, kupiga fidla, tarumbeta na ala nyingine. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa, na makala haya hayakusudii kuipunguzia thamani. Mtoto aliyekulia karibu na jaa la Dandora akaweza kusoma noti amepewa kitu ambacho hakuna atakayemnyang'anya. Lakini lazima tutofautishe mambo mawili. Jazi kwa kiasi kikubwa ni muziki wa ala. Inauheshimu mkono wa Eastlands na haiuhitaji ulimi wake. Watoto wa Korogocho wanafundishwa mapokeo ya Vienna na ya New Orleans. Ni nani atakayewafundisha ya Kaloleni na Dandora, yaliyotungwa kwa lugha wanayoisema nyumbani?

Jibu la swali hilo haliwezi kutoka kwa kampuni ya simu. Ni kazi ya idara za Kiswahili, na sisi ndio tuliochelewa. Hasara ya kuchelewa tumekwisha kuiona katika “Malaika” yenyewe. Fadhili William aliirekodi. Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi, naye alidai kwamba aliitunga katika miaka ya 1940. Na hadi leo kila mmoja ana watetezi wake. Laiti maneno yangaliandikwa na kuhifadhiwa mapema, pamoja na jina la aliyeyaimba, mahali na mwaka, ubishi huo ungalikuwa na cha kushikilia.

Tamati

Yafuatayo yanaweza kufanywa bila ya kungoja mfadhili. Kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyetoka Eastlands anaweza kupewa kazi ya kuandika maneno kamili ya nyimbo tatu kutoka kwa wazee wa mtaa wake, pamoja na maelezo ya nani aliimba na wapi, na wanawake wazee wahojiwe sawasawa na wanaume. Pili, maandishi hayo yawekwe katika maktaba ya idara, yahakikiwe kwa mizani, vina na dhamira kama tuhakikivyo utenzi, na yaliyo dhaifu yasemwe kuwa dhaifu. Tatu, wimbo mmoja wa mjini utiwe katika karatasi ya mtihani wa ushairi kila mwaka. Kwani wanafunzi wetu, kama wanafunzi wa kote duniani, huheshimu kinachotahiniwa. Nne, wakuu wa Kaunti waombwe, kabla mashine hazijafika, wabakishe walau ukumbi mmoja wa zamani; na humo humo kila mwaka ufanywe usiku wa nyimbo ambapo maneno yataandikwa na kugawiwa kwa wasikilizaji mlangoni.

Ukumbi wa Kaloleni ungefaa sana. Watu wengi wa umri wa kuukumbuka ukijaa bado wanaishi mwendo mfupi kutoka hapo, na kila mwaka unaopita wanapungua.